Waya wa Shaba na Waya wa Mwanga

Zuhura mwanangu,

Umetoka kwenda kusuka, na kwa rasta ulizozichagua najua hurudi kabla ya magharibi. Basi nina mchana mzima wa kukaa na ujinga wangu. Sanduku lako liko wazi hapo mlangoni, limejaa hadi limevimba. Deki yetu ya CD iko mezani, nusu imeviringishwa kwenye shuka. Kiboksi chake hakipo mezani. Kipo kwenye droo yangu, chini ya kanga, kwa sababu asubuhi nilikificha.

Ulisema kwa upole tu, "Mama, naomba niende na muziki Mpanda." Na mie nikajibu kama karani wa dirishani, "Chukua deki, kiboksi kinabaki." Ukaniuliza kwa nini. Nikasema TV inakihitaji. Ukanitazama, ukaitazama TV, ukachukua pochi yako ukatoka. Hukubisha. Ungebisha ningepata pa kuanzia.

Sote wawili tunajua deki ile bila kiboksi ni bubu. Itazunguka, kitaa chake kitawaka, namba za nyimbo zitapanda moja baada ya nyingine, na hakitatoka hata chembe cha sauti. Tena TV ina spika zake, na mie naangalia taarifa ya habari tu halafu nasinzia. Kwa hiyo mpaka urudi saluni lazima niwe nimeamua: kiboksi kinakwenda au kinabaki. Nimeona niandike, maana nikisema kwa mdomo nitaishia kukufokea kuhusu nguo ulizoacha kambani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kulala ndani ya chandarua. Wewe ndiye nesi, na huko zahanati ya Mpanda ulikopangiwa kazi utakuwa unawaambia wenzio hayo hayo mpaka uchoke. Nitakuandikia ya waya. Usicheke. Katika nyumba hii ya Mtoni Kijichi hakuna kitu kilichonifundisha kama nyuma ya ile deki.

Unakumbuka ilivyoanza? Deki ilikuwa imeharibika upande mmoja. Kushoto kimya, kulia inakwaruza. Mjomba wako Shabani akavuka kutoka Kigamboni na begi lake la kufungia madishi, akaigeuza deki, akainama nayo muda mrefu, halafu akasema, "Dada, hii kichwa chake kinasoma vizuri. Kilichokufa ni koo."

Nikamwambia aongee Kiswahili.

"Sasa sikiliza. Kwenye CD hamna sauti mle, mna namba. Hii mashine inazisoma, halafu ndani kuna kidude kinazigeuza ziwe sauti. Hicho ndicho kimekufa. Lakini ona huku nyuma, kuna matundu mawili yanatoa namba zenyewe, mbichi. Tukipata kiboksi cha nje cha kuzigeuza, ishu imekwisha."

Mie miaka yote nilikuwa nikipangusa vumbi kwenye yale matundu mawili bila kujiuliza ni ya nini. Moja la duara, lenye rangi ya chungwa. Jingine la mraba, lina kifuniko kidogo kama kope. Nilidhani ni mapambo ya kiwandani. Siku ile ndipo nilipoanza kuwa na udadisi wa uzeeni, ule ambao unanitania nao mpaka leo.

Tukaenda Kariakoo. Vile viboksi vimejaa kule, watu wananunua ili TV za kisasa ziongee na sabufa zao. Muuzaji akaniambia lile la chungwa linaitwa koaksial na la mraba linaitwa optiko. Nikamwuliza lipi bora. Akasema, "Mama, yote bora." Nikamwuliza sasa kwa nini wakatengeneza mawili? Akaita mteja mwingine. Swali hilo nililibeba nikarudi nalo nyumbani, na majina yale sikuyashika. Sie tukayaita waya wa shaba na waya wa mwanga, na mpaka leo ndiyo majina yake.

Tulianza na shaba kwa sababu waya wake tulikuwa nao. Ule mwekundu na mweupe wa deki ya zamani, mwembamba, mrefu kupita kiasi, tukauzungusha ukutani mpaka kwenye kiboksi upande wa pili wa sebule. Muziki ukatoka! Nilipiga kigelegele peke yangu. Halafu ikaanza tik, tik, tik, kama mtu anayekata kucha katikati ya wimbo, na mara nyingine sauti inakatika kabisa kisha inarudi. Nikalaumu CD. Nikazisafisha zote kwa sabuni ya mche, nikaziharibu mbili. Shabani alipokuja hakugusa CD hata moja. Alikata kipande kifupi cha waya wake wa dishi, akachomea vipini viwili kwa risasi ya kuyeyusha, akavichomeka. Tik ikafa.

Nikamwuliza, waya wa dishi unajua nini kuhusu CD? Akasema zile namba zinakwenda mbio sana, na waya wa kawaida unazichanganya njiani. Waya wa dishi umeumbwa kupitisha mambo ya mbio, na vipimo vyake ndivyo vinavyotakiwa na lile tundu la chungwa. Akaongeza huku akikisogeza kiboksi karibu na deki, "Na ufupi, dada. Waya mfupi hauna umbea." Tangu hapo, mwanangu, kila ninapoona waya umezungushwa nyumba nzima najua kuna mtu ameona uvivu wa kusogeza meza. Mie nilikuwa huyo mtu.

Sasa ile ndala. Wageni wote wa nyumba hii wameishangaa: viatu vyote vinaachwa mlangoni, halafu kando ya muziki kuna pea moja ya ndala, na hakuna ruhusa ya kugusa amplifaya bila kuivaa. Kuna jirani alidhani ni mambo ya uganga. Wewe umekua ukiona ni kawaida, kama chumvi mezani, na nadhani sijawahi kukuambia sababu yake vizuri. Aliyejenga hapa alikuwa mkono wa birika, hakuchimbia waya wa arthi, ule wa kuushusha umeme ardhini. Umeme kidogo unaovuja kwenye mashine hauna pa kwenda, unakaa kwenye chuma ukimsubiri mwenye miguu mitupu. Ulikuwa unatutekenya vidole, tukavaa ndala, tukaona tumeshinda.

Kumbe ndala ilituzuia sisi tu. Waya wa shaba haukuvaa ndala. Ule umeme ulipita humo humo kwenye chuma cha waya, kutoka deki mpaka kwenye kiboksi, mpaka kwenye amplifaya, ukawa ule mngurumo wa chini, mmm, uliokuwa ukisikika nyimbo zikinyamaza. Niliuzoea kiasi kwamba nilisema ndiyo sauti ya mashine nzito. Nilikuwa nawaambia wageni hivyo! Kasoro yangu nikaipa cheo.

Shabani akaleta waya wa mwanga. Mweusi, mwembamba, hauna chuma ndani hata kidogo, wenyewe ni kama uzi wa kuvulia samaki. Tukauchomeka, haukuingia. Tukausukuma. Nikaukandamiza kwa kiganja mpaka ile kope ya tundu ikakatika, ndiyo maana haipo mpaka leo. Kimya. Shabani akasema, "Umekufa huu, nakwenda kuwarudishia." Mie sikukubali, nikauchukua nje kwenye jua nikaukagua kwa kucha, ncha kwa ncha. Nikahisi kitu kinacheza. Kulikuwa na vifuniko vya plastiki, vyeupe vya kuonekana upande wa pili, vimevalishwa kila ncha ili isikwaruzike. Tulikuwa tunajaribu kuuchomeka na soksi zake. Nilimcheka mdogo wangu mpaka akatishia kurudi Kigamboni bila kula.

Tulipozivua na kuchomeka ncha moja kwenye deki, nikasogeza uso kwenye ncha ya pili kabla ya kuichomeka. Kulikuwa na doa jekundu linawaka. Nikafunga mapazia ili nilione vizuri. Zuhura, sijui nikuelezeje. Taarab nzima, na fidla zake na makofi na mwanamke anayemsuta mwenzie, yote ilikuwa imo mle, kwenye taa ndogo kuliko punje ya mtama, na wala haikuwa inapepesa macho. Nilibaki nimeinama mpaka kiuno kikauma. Nilipochomeka, mngurumo ulikuwa umeondoka. Nikasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti, pumzi ambayo ilikuwepo siku zote chini ya ule mngurumo wangu wa cheo.

Usidhani basi mwanga ndio mfalme. Mwezi haukuisha nikasukuma kabati lirudi ukutani, waya ukakunjika kama kiwiko, muziki ukafa. Mwanga haupendi kona kali. Halafu tundu lake lile lisilo na kope likaingiwa na sisimizi wanaofuata joto. Shaba inavumilia kukunjwa, kuvutwa, hata kukanyagwa. Mwanga unavumilia umeme wetu mbovu. Nilipofika hapo ndipo nilipopata jibu alilolikimbia muuzaji: hakuna tundu bora, kuna nyumba. Unaangalia kwanza nyumba yako ina ugonjwa gani.

Sasa nikukumbushe siku uliyonivua nguo. Nilikuwa nimeanza kujisifu kwa majirani kwamba shaba ina sauti nene na mwanga una sauti nyembamba, kwamba mie nikiingia tu mlangoni nitajua upi umechomekwa. Ukasema haya, mama, tujaribu. Ukatundika kanga mbele ya deki, ukajificha nyuma yake, nikakaa kwenye kochi nimefumba macho kama jaji.

"Huu ni shaba," nikasema.

"Haya. Na huu?"

"Mwanga. Umesikia ulivyokonda?"

"Na huu, mama?"

"Shaba hiyo, imerudi. Unene huo, hata kiziwi anasikia."

Ukatoka nyuma ya kanga mikono mitupu, unacheka hadi unashika ukuta. "Mama, mie sijagusa kitu! Ni mwanga tu tangu mwanzo!"

Nilikasirika siku ile. Nilikuambia huna adabu, nikakutuma dukani bila sababu. Ulipotoka nikarudia peke yangu, nikasikiliza, nikasikiliza. Ukiondoa ule mngurumo na ile tik, hakukuwa na unene wala wembamba. Namba zimefika au hazijafika. Unene nilikuwa nao mie kichwani, na nilikuwa nauuzia mtaa mzima. Wapo wanaosema namba zikifika kwa kuyumbayumba, kama makofi ya mtu asiyeshika mdundo arusini, sauti inaharibika hata kama zimefika zote, na kwamba hapo ndipo waya unapomshinda waya. Huenda ni kweli. Mie sikusikia, na sitaki tena kusema nimesikia nisichosikia. Wewe una masikio mapya, chunguza, uniambie, lakini weka kanga mbele kwanza.

Mpaka hapa nimeandika kurasa za waya kwa sababu naogopa ukurasa huu. Hukuwahi kuniuliza kwa nini deki ilikufa koo. Uliikuta imekufa.

Tulipoachana na baba yako ulikuwa chekechea. Hatukugombana juu ya nyumba, ilikuwa ya marehemu babu yako. Hatukugombana juu yako, Mungu alituhurumia. Tuligombana juu ya muziki. Tuliununua wote, kidogo kidogo, amplifaya mwaka huu, spika mwaka ule. Shabani na wazee wakashauri mmoja auchukue mzima, mwingine apewe kitu kingine. Mie nikasema sitaki. Nikasema ugawanywe. Nilijua maana yake, mwanangu. Nilikaa pale na mtandio wangu nikichagua kwa uangalifu. Baba yako akachukua amplifaya na spika akaenda nazo Gongo la Mboto. Mie nikabaki na deki na CD zote. Yeye ana mdomo hana maneno, mie nina maneno sina mdomo. Na nilifurahi. Kwa siku kadhaa nilifurahi sana.

Deki nikaiwekea kitambaa cha kufuma juu. Nikikutana na baba yako shuleni kwako ananiuliza, "Zile CD zipo?" Namwambia, "Nazisikiliza kila Ijumaa." Nami namwuliza spika zinaendeleaje. Anasema, "Zinatikisa mtaa." Siku moja Shabani alipita kwake, akarudi akaniambia spika moja imewekewa mtungi wa maji ya kunywa, nyingine inakaliwa na kuku anayeatamia. Tulicheka, halafu nikaenda chumbani sikucheka tena.

Mashine isiyowashwa kwenye mji wa joto na chumvi kama huu inaoza taratibu. Nilipopata hatimaye amplifaya ya mtumba na sabufa, nikaiondolea deki kitambaa chake, nikaweka CD, kumbe upande wa kushoto umekwisha kufa. Haikufa kwa kazi. Ilikufa kwa kukaa. Ningemwachia baba yako vyote, au ningembembeleza aniachie vyote, kungekuwa na nyumba moja hapa Dar yenye muziki, na wewe ungekua unausikia, iwe kwake au kwangu. Nilichagua ziwe nyumba mbili zenye kimya. Kile kiboksi tunachokipenda ni kiraka cha ule uamuzi.

Na asubuhi ya leo, mwanangu, nilikuwa naurudia. Sikukificha kwa ajili ya TV. Nilipiga hesabu yangu ya haraka haraka: deki ikiwa Mpanda na kiboksi kikiwa Mtoni, itabidi urudi. Hutakaa huko mwaka mzima na mashine bubu. Utachoka, utapanda basi, utakuja. Nilitaka kukufunga kwa waya, mie niliyejisifu kuzijua waya. Tofauti na mara ile ni kwamba mara ile niligawa kwa chuki na leo nimegawa kwa mapenzi, na nimekaa hapa tangu umetoka nikijaribu kuona kama tofauti hiyo inasaidia chochote. Haisaidii. Matokeo ni yale yale, mashine mbili kwenye nyumba mbili, zote kimya.

Nakuogopea, na ninajionea huruma. Hayo mawili yamechanganyika na siwezi kuyatenganisha. Tumekaa wawili humu muda mrefu. Ijumaa jioni unapoweka CD na kuniambia "Mama, kaa," huwa najifanya nina kazi jikoni ili uniite mara ya pili. Nilikuwa nakusubiri uniite mara ya pili, hiyo ndiyo siri yote.

Basi nimeinuka kidogo, nimerudi. Kiboksi nimekitoa kwenye droo, nimekiviringisha kwenye kanga yangu ya kijani, nimekiweka katikati ya sanduku lako ambako hakitapondwa. Waya zote mbili zimo. Ule wa mwanga nimeukunja kwa duara kubwa na kuuvalisha soksi zake. Ule wa shaba ni kile kipande cha waya wa dishi alichokata mjomba wako. CD zimo zote, zikiwemo za baba yako alizokuwa akiniulizia. Mpitie kesho kabla ya basi, umwambie nimesema achague anazotaka. Usikae sana, lakini mpitie.

Ukifika, usianze kwa kuniuliza upi uchomeke. Sijui nyumba ya Mpanda ina ugonjwa gani. Chomeka shaba kwanza, punguza sauti, sikiliza nyimbo zinaponyamaza, halafu chomeka mwanga. Ninataka sana kujua. Nitakuwa nawaza hilo njiani kwenda sokoni, kama kule kwenu kuna mngurumo au hakuna.

Ukishanunua sabufa yako huko na muziki ukatoka, nipigie, uweke simu mbele ya spika. Najua simu itaupasua wote, hakutakuwa na pumzi ya mwimbaji wala nini. Weka hivyo hivyo, kisha uniambie, "Mama, kaa." Nitakuwa nimekaa tayari.

Mama yako,
Bi Mwanaisha